Mama Hope wa Njiro

Ukitaka kumjua mtu wa Arusha, usimuulize kazi yake. Muulize anakaa wapi, kisha nyamaza umsikilize. Akijibu upesi, ana amani yake. Akianza kuzunguka, mara "kule upande wa", mara "ukishapita pale kwenye", jua ana jambo. Aika wa Machame alikuwa wa kundi hilo la pili, na kabla hajasemwa vibaya ni haki kusema kwamba hakuzaliwa hivyo.

Ulioanza ni mji wenyewe. Waliouchora zamani, Wajerumani na baada yao Waingereza, walijua mapema nani alale wapi. Wazungu walijipa mashariki ya mto Themi, penye miti na hewa ya mlimani, kiwanja kimoja ukubwa wa shamba la mtu. Wahindi wakawekwa katikati, duka chini, kitanda juu. Waafrika wakasukumwa magharibi, Kaloleni na Ngarenaro, ukuta kwa ukuta, choo kimoja watu ishirini. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, lakini majina yakabaki pale pale: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Wakubwa wapya wakahamia Uzunguni wakakuta maua yameshapandwa, na kwa kuwa walikuwa wamepata nafasi nzuri hakuna aliyeona haja ya kuuchora mji upya.

Aika aliingia Uzunguni kwa mlango wa ndoa. Mumewe, Philemoni, alikuwa mtunza stoo mkuu wa shirika moja la umma, na shirika lilikuwa na nyumba za watumishi wake. Walipewa nyumba ya mawe yenye bati jekundu na baraza pana, wakakaa miaka kumi na moja. Hapo ndipo alipozaliwa mtoto wao wa pekee, Hope. Hapo ndipo Aika alipojifunza kumwambia mtu wa bustani "kata hapa, acha pale", akiwa ameketi.

Na hapo ndipo alipopata jumuiya yake. Kila Jumamosi asubuhi Walutheri wa mtaa ule walikusanyika nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Waliimba, walisoma neno, walikunywa chai. Kwa Mlutheri jumuiya si jambo dogo, maana ndiyo inayokujulia hali ukiugua na ndiyo inayokuzika. Lakini tuseme kweli. Jumuiya inafuata mitaa, na mitaa ya Arusha inafuata mfuko, kwa hiyo mwenye gari anasali na mwenye gari, na mbeba zege anasali na mbeba zege, na wote wanaimba kutoka kitabu kimoja. Aika hakuwahi kuliona hilo wakati akiwa upande wenye biskuti.

Mwaka wa tisini na mbili mambo yaligeuka. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya Dubai, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine. La akina Philemoni lilipigwa bei pamoja na nyumba zake na vitasa vyake. Philemoni alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, akapewa mwezi mmoja wa kuhama. Mnunuzi hakungoja hata mwezi uishe. Alianza kupandisha ukuta na kuchomeka vipande vya chupa juu yake, huku Aika angali anang'oa mboga zake bustanini.

Walihamia Sokon One, vyumba viwili vya uani kwa Lemayian na mkewe Silantoi, Waarusha wenyeji wa pale tangu babu zao. Kwenye ramani ya mji pale palikuwa bado shamba. Hapakuwa na barabara wala namba za nyumba; kila mtu alijenga alipoweza, na mvua ikinyesha njia inakuwa mto. Lakini mbele kidogo tu ilianza Njiro, na Njiro ilikuwa habari nyingine. Watu wa vipimo walikuwa wamepita huko na mawe yao ya saruji, wakakata mashamba kuwa viwanja vikubwa vikubwa, na sasa wenye kampuni za watalii na wenye madini walikuwa wanajenga maghorofa yenye madishi ya televisheni. Mlangoni kwa Aika uliweza kuyaona madishi hayo, yameelekea juu, hayana habari na mtu.

Jumamosi ya kwanza Aika alirudi Uzunguni kusali kama kawaida. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Marta, mke wa daktari, mwanamke mwenye sauti ya kukaribisha watu, akamshika mkono.

"Pole na kuhama, Mama Hope. Mmepelekwa wapi?"

"Upande wa Njiro," Aika akasema.

Haukuwa uongo mzima. Njia ya Sokon ndiyo hiyo hiyo ya Njiro. Lakini Mama Marta akapiga kofi la furaha. "Njiro! Kumbe mlishapata kiwanja, nyie watu wa kimya kimya!" Wenzake wakaitikia, mmoja akasema ndiyo maana Philemoni hakulia kama wengine. Aika angeweza kusema hapana. Badala yake alitabasamu, na tabasamu hilo lilitosha. Kuanzia siku hiyo akawa Mama Hope wa Njiro.

Miaka mitatu alilibeba jina hilo. Kila Jumamosi alitoka Sokon kwa miguu amevaa ndala, viatu vyake vizuri vimo kwenye mfuko wa rambo. Akifika daraja la Themi anainama, anapangusa matope kwa kitambaa, anabadilisha, anauficha mfuko ndani ya mkoba, kisha anavuka. Zamu ya nyumba yake ilipokaribia, alikuwa na sababu. Mara mafundi hawajamaliza, mara maji hayajaunganishwa, mara Philemoni amesafiri. Na kila alipotoa sababu alijisikia uso unamwaka moto, akadhani wote wanauona.

Aliyeyaona mambo yake yote kwa karibu ni Silantoi. Alimzidi Aika kama miaka kumi, na kila asubuhi walisalimiana kwenye bomba la uani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mmeamkaje?"

Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Hope alipopata malaria, Philemoni akiwa amekwenda kutafuta vibarua, Silantoi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, mtoto wa miaka kumi na miwili, mrefu kama fito. Alikuwa anaongoza jumuiya ya pale Sokon, iliyosali Jumatano jioni uani kwake, na mara kwa mara alimwambia Aika, "Njoo usali na sisi, mdogo wangu. Ni hapa hapa, hata kiatu huvai."

"Asante dada. Sisi tuna jumuiya yetu tulikozoea."

"Haya. Siku ukichoka kutembea."

Jumatano hizo Aika alijifungia ndani na kuwasikiliza wakiimba nje ya dirisha lake. Hope ndiye aliyekuwa anatoka, anakwenda kukaa nao.

Basi mwaka wa tisini na tano Hope akafikia kipaimara. Desturi inajulikana: ibada ikiisha, jumuiya inafuatana na mtoto mpaka kwao, wanaomba, wanakula, wanamtunza zawadi. Hilo halina udhuru wa mafundi. Mama Marta alilitangaza mbele ya wote, kwa furaha. "Safari hii hatukubali, Mama Hope. Tunakuja Njiro. Tumesubiri miaka mitatu!"

Aika alirudi nyumbani. Akamweleza mumewe.

"Waambie tunakaa Sokon," Philemoni akasema. "Sokon ni jela?"

"Utawaambia wewe?"

Philemoni alitazama pembeni. Maana yeye naye alipokutana mjini na wenzake wa zamani wa shirika, alikuwa anasema ana shughuli zake binafsi, na shughuli zenyewe zilikuwa kufyatua matofali ya watu. Aika akajua yuko peke yake.

Sasa Lemayian, mume wa Silantoi, alikuwa mlinzi wa nyumba moja huko Njiro. Ilikwisha kujengwa, ina makochi na mapazia, ila mwenyewe alikuwa mtu wa Dar, alikuja mara mbili kwa mwaka. Aika alilifikiria jambo hilo siku nne. Siku ya tano akamfuata Silantoi.

"Dada, nina wageni wengi siku ya Hope, na kwetu unapajua, ni padogo. Sijui kama mumeo, Baba Simel, angetusaidia ile nyumba anayoilinda, siku moja tu. Tutaiacha kama tulivyoikuta."

"Mume wangu anakula kwa kazi ile, mdogo wangu."

"Ni kwa ajili ya Hope."

"Kwa ajili ya Hope, sawa. Nitasema naye. Na kupika nitakuja mimi."

Aika alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Alichokosa kumwambia ni kwamba wageni wataiona nyumba ile kuwa ni yake. Alijiambia atamweleza baadaye. Angemweleza vipi?

Siku moja kabla ya sherehe walikwenda wote wawili kufagia. Silantoi alisimama jikoni, kwenye vigae vyeupe, akacheka kidogo. "Hapa palikuwa zizi la baba. Hapa hapa. Ndama walifungwa pale penye sinki." Kisha akachukua fagio. Aika alisema "Kumbe!" na kuendelea kupangusa vioo.

Jumapili ya kipaimara magari saba yaliingia Njiro. Philemoni alikataa kuingia ndani. Alisimama getini na Lemayian akielekeza magari, na wawili kati ya wageni walimpita bila kumtambua. Hope alikuwa na gauni jeupe na maua kichwani. Jikoni Silantoi alikuwa amekesha na pilau na ndizi za nyama, na juu ya hayo alikuwa amepika loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando wanaoupenda Waarusha, zawadi yake mwenyewe kwa Hope. Aika aliiona sufuria ile nyeusi, akaisukuma chini ya meza. "Hii tutakula sisi baadaye, dada."

Mama Marta alizunguka sebule akishika mapazia kwa vidole viwili. "Mama Hope! Mungu amekuinua. Nyumba hii, kweli Philemoni mwanaume."

"Ni neema tu," Aika akasema.

Wakati huo huo Silantoi alikuwa mlangoni, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono wa pili, amekuja kunawisha wageni. Alisikia yote mawili. Alisimama. Aika akamwona anatazama kuta, halafu makochi, halafu yeye, na akaona kabisa jambo lilivyokuwa linaingia machoni mwa yule mama, taratibu, mpaka likaingia lote.

"Na huyu yeyo ni nani?" Mama Marta akauliza, kwa jina ambalo watu wa mjini hupenda kuwaita wanawake wa Kiarusha. Hakuuliza kwa ubaya. Katika jumuiya kila aliyepo hutambulishwa.

Hope alikuwa amesimama hapo hapo.

"Anatusaidia kazi za ndani," Aika akasema.

Hakuna aliyeshtuka. Waliitikia "karibu mama" na kunyoosha mikono. Silantoi akapiga magoti, akaanza kunawisha mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Marta, huyu akageuka kwa Aika kana kwamba aliyepiga magoti hana masikio.

"Wa kwangu ameondoka juzi tu. Huyu ni mwaminifu?"

"Mwaminifu sana."

"Hana ndugu yake anayetafuta kazi?"

"Nitakuangalizia, mama," Silantoi akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, akimmiminia maji.

Wa mwisho alikuwa Aika. Silantoi akasogeza beseni miguuni pake, akainua birika. "Nawa, mama," akasema. Mama! Mtu aliyemzidi miaka kumi, ambaye yeye Aika alimwamkia shikamoo alfajiri ile ile. Na Aika, badala ya kumshika mikono na kumwinua, alinyoosha vidole akanawa. Kwa maisha yake yote hakuwahi kujisikia mchafu kama wakati ule maji yakimpita mkononi.

Baadaye wageni wakila alimkosa Hope. Akamkuta jikoni, ameketi sakafuni na gauni lake jeupe, anakula loshoro sufuriani pamoja na Silantoi.

"Hope, wageni wako wanakungoja."

Mtoto aliinua macho. "Mama, chumvi inakaa wapi? Si nyumba yetu hii?"

Aika alifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Hayakuwa na kitu.

Wageni walipoondoka na vyombo kuoshwa, alijikaza akamfuata Silantoi. "Dada, lile la leo, mimi nilikuwa..."

"Sufuria kubwa ni ya kanisani," Silantoi akasema. "Irudi kesho." Akafunga khanga yake na kwenda zake.

Kesho yake kwenye bomba Aika alisalimia. "Shikamoo dada." Jibu lilikuja bila hasira yoyote: "Marahaba, mama." Lile "mdogo wangu" halikurudi. Wiki nzima Aika alichota maji akitega sikio, na wiki nzima aliitwa mama. Angetukanwa angepumua. Alitamani atukanwe.

Ilibaki Jumapili moja. Mchungaji wao alikuwa na utaratibu wake: wiki moja baada ya kipaimara, kila mtoto husimama mbele ya usharika, akataja jina lake, anapokaa na jumuiya yake. Jumuiya hiyo husimama kumpokea, na mzazi hutoka mbele akamshika mkono. Mjini na Sokon wote walisali kanisa hilo moja. Philemoni alikuwa amekwenda Machame kumwuguza mama yake, kwa hiyo mzazi ni Aika.

Jumamosi mchana alimkuta Hope anapiga pasi. "Kesho ukiulizwa jumuiya, taja ile yetu ya siku zote."

"Nitataja tunapokaa."

"Hope."

"Nitataja tunapokaa, mama." Hakupaza sauti. Aliendelea na pasi yake.

Aika alikuwa na mchana mzima wa kwenda Uzunguni kumwambia Mama Marta ukweli kabla haujasemwa na mwingine. Alifika mpaka darajani. Alivaa viatu. Akasimama pale akitazama maji ya Themi yakipita na mifuko ya plastiki, kisha akavivua viatu na kurudi.

Asubuhi alikaa benchi la mbele, ubavuni mwa Mama Marta, mahali pake pa siku zote. Watoto walisimama mmoja mmoja. Zamu ya Hope ikafika.

"Naitwa Hope Philemoni. Ninakaa Sokon One, uani kwa mzee Lemayian. Jumuiya yangu ni ile inayosali kwa Mama Silantoi."

Mchungaji akatazama karatasi yake. "Hapa nimeandikiwa Uzunguni."

"Hapana, Mchungaji. Ni Sokon."

Mama Marta aligeuza shingo. Aika alihisi macho yake shavuni, lakini hakugeuka.

"Haya. Jumuiya ya Sokon isimame. Na mzazi wa Hope aje."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, watu wakasimama: wauza mboga, fundi viatu, mzee wa kuchunga, akina mama wa bomba la uani. Aika aliwajua wote. Kutoka benchi lake hadi kwa mwanawe zilikuwa hatua tano. Hakuhitaji kusema neno, ilikuwa ni kusimama tu na kutembea. Alifungua kitabu cha nyimbo akainamisha kichwa.

"Mzazi yupo?" mchungaji akauliza tena.

Hope alikuwa anamtazama. Angeweza kunyoosha kidole akasema, yule pale. Hakunyoosha. Alimtazama tu mama yake, akingoja.

Ndipo nyayo zikasikika zikija taratibu kutoka nyuma. Silantoi alipita katikati ya mabenchi na shuka lake la kanisani, akafika mbele, akamshika Hope mkono.

"Mama, wewe ni nani kwa binti huyu?" mchungaji akauliza.

Silantoi alikuwa na kila haki ya kujibu kama alivyotambulishwa wiki iliyopita, na Mama Marta, aliyemnawisha mikono siku ile, alikuwa palepale mbele yake. Alilitupia jicho benchi la mbele, mara moja tu.

"Ni jirani, Mchungaji."

Kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo. Aika angeweza kulisema siku ile Njiro, likamtosha Mama Marta, lisimpunguzie mtu hata kijiko cha pilau. Mchungaji akasema amina, watu wakainuka kuimba, na Hope akaenda nyuma na jirani yake kushika nafasi kwenye mabenchi ya Sokon. Aika alibaki ameketi peke yake, kitabu kimefunguka mapajani, wala hakujua wimbo gani unaimbwa.